Atomu Ishirini za Nta

Mwezi uliopita nilikuwa Kanyenye, pale Tabora mjini, nikitafuta kibarua chochote, nikapita nje ya kibanda cha mama mmoja anayetengeneza mishumaa. Alikuwa ameinjika sufuria ya nta kwenye jiko la mkaa, na ile harufu ikanishika kama mtu anavyokushika mkono sokoni akidhani anakufahamu. Nta ya nyuki wa misitu yetu inanukia vitu vitatu kwa pamoja: asali iliyoungua kidogo, moshi, na gome la mti. Nikasimama.

"Dada, unanunua au unanusa?" akaniuliza yule mama.

"Nanusa."

"Basi nusa huku unakoroga." Akanipa mwiko.

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ya siku mbili. Na hivyo ndivyo nilivyorudi, bila nauli, hadi kwenye banda la tumbaku la baba yangu kule Urambo, nikiwa na umri wa miaka minane, nimeshika mkononi kidonge cha nta chenye ukubwa wa tunda la furu, nikiamini kwamba ninamwokoa dada yangu.

Kama ulikulia kwenye tumbaku, sehemu hii unaijua. Jani likishatoka kwenye bani, nyumba ya kulikaushia kwa moto, limekauka na kugeuka rangi ya dhahabu, kazi bado. Unaliacha lipate unyevu kidogo lisivunjike, kisha familia nzima inakaa chini kupanga madaraja. Mapana na mapana, membamba na membamba, yenye madoa kando. Mimi nilianza kupanga kabla sijajua kusoma. Vidole vyangu vilijua tofauti ya jani na jani kuliko vilivyojua kushika kalamu, na Baba alikuwa akinisifia mbele ya wageni: "Huyu Kabula akipanga, huna haja ya kurudia."

Mwaka mmoja kabla ya hayo ninayoyasimulia, robota letu moja lilikataliwa kwenye kituo cha ununuzi. Mpima madaraja alichomeka mkono ndani, akatoa jani moja dogo jeusi kutoka katikati ya majani mapana, akaliinua juu watu wote walione, akasukuma robota pembeni. Baba alirudi nalo nyumbani kwenye baiskeli. Hakumpigia mtu kelele. Alikaa tu kwenye kigogo mlangoni akasema, "Jani moja la uongo, robota zima la uongo." Sentensi ile iliniingia kichwani kuliko sala yoyote niliyofundishwa na katekista.

Jambo la pili la kujua ni sinia. Wakati wa kufunga tumbaku kwenye fito, watu wa kwetu walisaidiana: leo kwetu, kesho kwa jirani. Watoto tulilishwa pamoja kwenye sinia moja, na kila mtoto aliyekuja alikuja na kiazi chake kutoka kwao, akakitia katikati kabla ya kukaa. Hakuna aliyefika mikono mitupu. Mama zetu walikagua hilo kuliko walivyokagua kunawa. Wadogo wawili, wale wasiojua kugombania, waliketishwa ndani kabisa, magoti yakigusa sinia. Nyuma yao wakakaa wanane, maana zaidi ya wanane hawakuenea. Chakula kikiwa bado kidogo na watu wachache, wale wa nje walikaa kwa raha zao, mmoja ameegemea nguzo, mwingine amenyoosha miguu. Lakini kila aliyeingia aliongeza kiazi, na rundo la katikati lilipokua, duara lilibana. Miguu ikakunjwa, shingo zikainama, vichwa vikagongana.

Mchelewaji, yule wa kumi na moja, alikaa nyuma ya migongo ya watu na kupitisha mkono juu ya bega la mtu. Mara nyingi mchelewaji alikuwa mimi, kwa sababu njiani kulikuwa na vitu vya kutazama: siafu wanahama, fundi anaziba pancha, treni inapiga honi kwa mbali. Na mtu mzima alipotaka mtoto wa kumtuma, hakuhangaika na wale wa kwenye duara. "We wa nyuma, kalete maji." Nikainuka. Sikuwa na nafasi ya kuogopa kuibiwa.

Dada yangu Nyanzala alikuwa kidato cha pili katika sekondari ya mjini, akienda na kurudi kwa baiskeli ya Baba. Alikuwa amenizidi miaka saba. Alitaka kitu kimoja tu duniani: kuwa mtu wa maabara. Mama aliwahi kuugua homa iliyomfanya aongee na watu wasiokuwepo, akapelekwa zahanati, na kijana mmoja pale akachukua tone la damu yake, akalitazama kwenye kioo cha hadubini, akasema kilichomo. Nyanzala alikuwa amemshika Mama mkono. Aliporudi nyumbani hakuongea habari za homa. Aliongea habari za kile kioo.

Kwa maabara ilihitajika kemia, na kemia ilikuwa inamkataa. Mwalimu wake wa kemia, mtu mwembamba aliyekuwa mkali kwa sauti ya chini, alikuwa akichuja mapema watakaoendelea na somo hilo kidato cha tatu, kwani stuli za maabara zilikuwa chache kuliko wanafunzi. Nyanzala alikuwa ameanguka majaribio mawili. Akapewa nafasi ya mwisho: atengeneze mfano wa elementi ishirini za kwanza, akionyesha ukubwa wa atomu zake, Jumatatu aulete mbele ya darasa na aeleze kwa nini ukubwa unabadilika hivyo. Akiweza, anabaki. Asipoweza, aende na wenzake wa masomo mengine, na kile kioo akiage.

Baba alikuwa na mizinga michache msituni, na nta ya msimu ule ilikuwa bado kwenye sufuria. Mama akampa kipande. Nyanzala akakalia mkeka ndani ya banda la tumbaku, akalainisha nta juani, akaanza kuviringisha vidonge. Mimi nikakaa pembeni nikiwa na maswali.

"Dada, atomu ni nini?"

"Ni kitu kidogo ambacho kila kitu kimejengwa nacho."

"Kidogo kuliko chawa?"

"Kuliko jicho la chawa."

"Umeshaiona?"

"Sijaiona."

"Mwalimu wako ameiona?"

"Naye hajaiona. Kabula, usiniharibie hesabu."

"Sasa kama hakuna aliyeziona, nani alizipanga madaraja?"

Akacheka mpaka kidonge kikamponyoka kikaviringika chini ya fito. Alikifuata kwa magoti, akaendelea kuviringisha. Alikuwa na daftari lenye vipimo alivyonakili kutoka kitabu cha kuazima, na alikuwa na sentensi moja ndefu ya Kiingereza aliyoikariri. Aliirudia akiviringisha, kidonge baada ya kidonge, kama mtu anayesali rozari. Nilimuuliza maana yake. Akasema, "Maana yake nitaijua nikishafaulu."

Kufikia Jumapili mchana vidonge vyote ishirini vilikuwa vimechomekwa kwenye miba ya mgunga, na miba imepigiliwa kwenye ubao wa kreti, kila mmoja na namba yake ya kalamu nyekundu chini. Vilipendeza. Hidrojeni, namba moja, ilikuwa kama punje ya choroko. Lithiamu, namba tatu, ilikuwa gololi kamili. Sodiamu, kumi na moja, ilikuwa kama furu. Potasiamu, kumi na tisa, ilikuwa ndimu changa. Kisha Nyanzala akaenda kwenye mazoezi ya kwaya, akaniachia kazi ya kuangalia kuku wasidonoe.

Kuku hawakuja. Nikabaki na ubao.

Nikautazama kama nilivyofundishwa kutazama. Namba moja ndogo, namba mbili ndogo zaidi. Haya, bahati mbaya. Namba tatu gololi. Nne ndogo kuliko tatu. Tano ndogo kuliko nne. Vikazidi kupungua mpaka namba tisa, ambayo ilikuwa kama kunde. Kisha namba kumi na moja ikaruka ghafla kuwa furu, halafu vikaanza tena kunywea. Kichwani niliona mkono wa mpima madaraja ukiingia katikati, ukitoa kidonge kimoja na kukiinua juu watu wote wakione. Niliona Nyanzala akirudi njia nzima na ubao wake kwenye baiskeli, na kukaa kwenye kigogo mlangoni.

Namba inapanda, kitu kinashuka? Kwetu hiyo ilikuwa na jina moja tu: kuchanganya.

Nikanawa mikono, kwa sababu kazi ya madaraja hufanywa na mikono safi. Nikavichomoa vyote ishirini, nikavipanga juu ya mkeka kuanzia kidogo hadi kikubwa, nikilinganisha viwili viwili kwenye viganja mpaka nikaridhika. Kisha nikavichomeka upya, moja hadi ishirini. Ile furu ya sodiamu ilikwenda kumi na nane. Ndimu changa ikakaa ishirini, mahali pake pa haki. Nikafunika ubao kwa kanga ya Mama kuzuia vumbi, na jioni Nyanzala aliporudi nikamwambia, "Kuku hawajagusa." Akanipapasa kichwa. Nilitaka kumwambia, lakini nikaona zawadi hupendeza zaidi ikifunuliwa.

Asubuhi yake sikwenda shule. Haikuwa mara ya kwanza wala ya mwisho. Ubao ulifungwa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli kwa kamba ya katani, ile ya kufungia tumbaku, na mimi nikasema nitaushika usitikisike. Nyanzala akasukuma baiskeli badala ya kuipanda. Tukapita kwa majirani tukisema "mwangaluka" huku na huku, na katikati ya salamu na salamu midomo yake ilikuwa inarudia ile sentensi. Tulipokaribia shule alinyamaza.

Akaniambia nisubiri chini ya mti wa bendera. Nikasubiri kwa muda wa kuhesabu hadi thelathini, kisha nikaenda dirishani.

Nyanzala alikuwa amesimama mbele, ubao juu ya meza. Mwalimu amekaa nyuma na wanafunzi, miguu imepishana.

"Funua," akasema.

Dada yangu akavuta kanga.

Niliuona uso wake ukitazama ubao. Sijui niufananishe na nini. Ni kama uso wa mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta watu wengine wanaishi ndani. Mkono wake ulibaki hewani na kanga. Mimi dirishani nilikuwa natabasamu mpaka masikio.

"Tueleze, Nyanzala," Mwalimu akasema polepole. "Kwa nini atomu zako zinanenepa kuelekea kulia?"

Kijana mmoja, Shija, akadakia: "Zimeshiba ugali wa Urambo, Mwalimu!" Darasa likaangua kicheko.

Nyanzala akainua macho, yakatua dirishani, yakanikuta. Kidole changu gumba kilikuwa juu. Tabasamu langu likaanza kufa lenyewe, kwa sababu sasa nilikuwa nauona uso wake wote. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Kisha akasema:

"Mwalimu, aliyevipanga hivi yuko pale nje. Naomba aingie."

Nikaingia. Nilikuwa pekupeku. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye profesa?"

Wakacheka tena. Nyanzala hakucheka. "Waambie kwa nini ulipanga hivi."

"Namba kubwa, kitu kikubwa," nikasema. "Ukichanganya, robota linakataliwa."

Nilitegemea kicheko kingine. Lakini Mwalimu akageuka kuwatazama wanafunzi wake. "Mnacheka nini? Nusu yenu mliandika hivyo hivyo kwenye jaribio. Tena huyu ana sababu, ninyi hamkuwa nayo." Kisha kwa Nyanzala: "Amekosea. Mwonyeshe kosa lake."

Nilimwona dada yangu akifungua mdomo kwa ile sentensi ndefu. Akaufunga. Akanitazama mimi, miguu yangu, vumbi langu.

"Naomba nieleze kwa Kiswahili, Mwalimu."

Mwalimu akatupia jicho mlangoni, kana kwamba kuna mtu anasikiliza. "Eleza."

Akatandika ile kanga sakafuni. "Hili ni sinia," akasema. "Shija, Monika, kaeni karibu kabisa, ninyi ni wadogo wawili." Shija akakaa akijidai kulialia kama mtoto. Nyanzala akachukua chaki tatu, akaziweka katikati. "Sheria ni moja: anayekuja anakuja na kiazi chake, anakitia katikati. Watu ni elektroni, viazi ni protoni: watu watatu, viazi vitatu. Wa tatu njoo."

Msichana mrefu akaja, akakaa nyuma ya wale wawili, miguu ameinyoosha. Nyanzala akachukua ile kamba ya katani iliyokuwa imefungia ubao, akapima kutoka kwenye chaki hadi kifuani pa yule msichana, akapiga fundo. "Lithiamu. Ana raha, kwa sababu viazi ni vichache na watoto wawili wamemkinga asivione."

Kisha akawaita mmoja mmoja, kila mtu na chaki yake. Wa nne. Wa tano. Wa sita. Chaki zikaongezeka, na watu, bila kuambiwa, wakaanza kusogea.

"Unanisukuma!"

"Nafuata chakula, kwani wewe unafuata nini?"

"Mnaona?" Nyanzala akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Ilikuwa sauti ya mtu anayeona jambo wakati uleule anapolitamka. "Watu wameongezeka lakini mbele yao hakuna aliyeongezeka. Ni walewale wadogo wawili tu. Ila viazi vimeongezeka, na vinavuta. Wote wako kwenye duara moja, kwa hiyo wote wanavutwa ndani." Wa tisa alipokaa, akapima tena kwa kamba, akapiga fundo la pili. Lilikuwa karibu zaidi kuliko la kwanza. "Namba imepanda. Duara limepungua."

Mwalimu alikuwa ameshusha mguu uliopishana.

Wa kumi akaziba pengo la mwisho. Nyanzala akasita kidogo, akasema huyu hashikani na mtu, kumpima ni taabu, tumwache. Kisha akaninyooshea chaki.

"Kumi na moja. Njoo."

Nikaitupa chaki yangu katikati, nikatafuta pa kukaa. Hapakuwepo. Basi nikakaa ninapokaa siku zote, nyuma ya migongo. Chaki zilikuwa kumi na moja, nyingi kuliko wakati wowote, na mimi sikuziona hata moja. Nyanzala akapima kutoka katikati, juu ya mabega ya watu, mpaka kifuani pangu. Fundo la tatu likaanguka mbali kupita yale yote.

"Sodiamu," akasema. "Duara jipya limeanza. Ndiyo maana anaruka kuwa mkubwa."

Mwalimu akasimama. Akaja mpaka karibu na kanga. "We kumi na moja, nikikuita uje huku, unakuja?"

Kabla hajamaliza nilikuwa nimeshasimama. Wakacheka, hata Nyanzala.

"Na wewe wa tisa?"

"Siondoki, Mwalimu. Hapa ndipo penye chakula."

"Umeeleza na somo la wiki ijayo," Mwalimu akamwambia dada yangu, kana kwamba analalamika.

Mimi nilikuwa na swali, na nilikuwa mtoto ambaye swali likimkaa kooni hali chakula. "Mwalimu, yule wa nyuma, ambaye haoni viazi, bado anavutwa?"

Akanitazama kwa makini kwa mara ya kwanza. "Asingevutwa asingekaa. Anavutwa kidogo. Lakini anavutwa."

Kisha Nyanzala akaurudia ubao. Akachomoa vidonge vyote ishirini, akavirudisha kimoja kimoja mahali pake bila kufungua daftari. Mwalimu akahesabu kwa macho mpaka namba ishirini, akasema, "Stuli yako ni ile ya dirishani. Umwambie msaidizi wako asije kuipanga."

Tuliporudi hakuniongelesha. Njia nzima, hatua zote zile, alisukuma baiskeli akitazama mbele. Nilijua sasa nilichokuwa nimekifanya. Nililia bila sauti nyuma ya ubao, nikiushika usitikisike. Tulipofika kwetu akasimama, akachomoa namba kumi na moja kwenye mwiba wake, akaniwekea kiganjani. Akaingia ndani. Sikujua kama ni zawadi au ni adhabu, na sikuthubutu kuuliza.

Nyanzala ni mtu wa maabara mpaka leo, huko huko Urambo. Ana kioo chake. Mimi shule niliiacha darasa la sita, si kwa sababu ilinishinda bali kwa sababu ilikaa mahali pamoja. Nimeuza karanga Tura treni inaposimama, nimewapikia mafundi wa reli, nimetembea na wafugaji hadi Igunga, nimerudi, nimeondoka. Nusu ya kemia ninayoijua nimeisoma kwenye karatasi za kufungia karanga, kwa sababu vitabu vya shule vikizeeka huishia huko. Hivyo ndivyo nilivyogundua kwamba jedwali haliishii ishirini. Baada ya ishirini kuna kundi refu linaloingia katikati, na ukubwa wao karibu haubadiliki, kama watu wanaopenyezwa kwenye duara la ndani wakati wa nje hawajui kinachoendelea. Ukurasa uliofuata ulikuwa na maelezo, bila shaka. Sijui nani alikula karanga zake.

Kila ninaporudi nyumbani humpelekea Nyanzala kidumu cha asali. Hajawahi kuniomba. Ni fidia yangu ya siri, na nimekuwa nikiilipa tangu nilipoanza kupata vibarua.

Jioni ya siku ile ya pili Kanyenye, mikono yangu ikinuka nta, nilimpigia simu.

"Uko wapi, Kumi na Moja?" Ndivyo anavyoniita.

"Tabora. Dada, nina swali."

"Lini ulikosa?"

"Siku ile ya ubao. Ulinikasirikia?"

"Nilitaka kukupiga nao kichwani."

"Ndiyo maana hukuniongelesha?"

"Hapana. Nilikuwa naona aibu." Nikasikia akivuta kiti. "Kabula, ile sentensi ilinitoka kichwani pale mlangoni. Kabla sijafunua kanga. Yote, hata neno la kwanza. Ubao ungekuwa sahihi, ningesimama pale kama gogo na vidonge vyangu vizuri, na stuli angepewa mwingine. Nilipoona umechafua kila kitu, nikapata cha kusema."

Yule mama wa mishumaa alikuwa anazima jiko.

"Miaka yote hii. Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeacha kuniletea asali." Akacheka kile kicheko chake cha bandani. "Na bila asali ungekuwa unakuja lini?"

Mama wa mishumaa alinilipa, akaniuliza kama nitarudi kesho. Nikamwambia kesho nakwenda Urambo. Kidonge changu bado ninacho. Kimezungushwa na vidole mpaka kimebaki kama kunde, na asiyejua atadhani ni namba tisa. Nilikitia mfukoni, nikapita sokoni kununua asali. Mwenye duka akaniuliza ni ya mgonjwa au ya kuuza. Nikasema si ya mgonjwa wala si ya kuuza. Ni kiazi changu tu. Sisi kwetu mtu haji kukaa mikono mitupu.